Naomba ushauri: wimbo gani wa Kijapani niimbe karaoke na wenzangu wa kazini?

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Nagoya, Japani, nafanya kazi kiwandani. Mwezi wa 12 tuna bonenkai, sherehe ya kufunga mwaka, na tukishakula tunahamia karaoke kwenye chumba cha kukodi. Maikrofoni inazunguka, mgeni hasazwi.

Sauti yangu ni nzito, juu sifiki. Hilo si kubwa, rimoti ina kitufe cha kuushusha wimbo. Kazi ipo kwenye kusoma. Hiragana na katakana, zile herufi za silabi, nazimudu, na kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, kwenye skrini huwekewa furigana juu yake, yaani herufi ndogo za kuonyesha matamshi, ila wimbo ukikimbia macho yanaachwa njiani.

Kwa sasa nafanyia mazoezi "Ue o Muite Aruko" wa Kyu Sakamoto, wa 1961, ule uliowahi kushika namba moja Marekani mwaka 1963. Unakwenda taratibu, na kuna kipande cha kupiga mluzi tu, hapo napata pumzi. Wazee najua wataimba nami. Vijana wa zamu yangu ndio nawahofia, wasije wakainamia simu zao.

Nimefikiria pia "Linda Linda" wa The Blue Hearts, wa 1987: kiitikio ni neno hilohilo, chumba kizima kinaruka. Lakini bosi akiwa amekaa pembeni yangu, nipige makelele vile? Enka, zile nyimbo za Kijapani za hisia za mtindo wa zamani, naipenda kuisikiliza, kuiimba siithubutu.

Mliokaa Japani, nianze na upi? Na kama kuna wimbo mwingine wa polepole ambao vijana nao wanaujua, nitajieni.