Naomba ushauri: Mama mkwe wa Lithuania anataka tusimame mbele ya moto wa miungu yao siku ya harusi

Binti_wa_Machame

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Mimi ni mzaliwa wa Machame, miaka 29, Mlutheri. Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa. Huu ni mwaka wa nne naishi Vilnius, Lithuania. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, nikapata na mchumba. Posa ilishapokelewa nyumbani, wajomba wameridhika, harusi ni mwezi wa sita.

Mchumba hana shida, mambo ya dini hayamshughulishi sana. Ni mama yake. Huyu mama ni muumini wa Romuva, dini ya asili ya Walithuania inayofuata mambo ya kabla ya Ukristo. Ameniomba, machozi yakimlengalenga, kwamba tukitoka kanisani twende shambani kwao tukasimame mbele ya aukuras. Ni madhabahu ya mawe, juu yake unawaka moto. Pale natakiwa nitie motoni kiganja cha nafaka na chumvi, nimwage bia kidogo chini kabla ya kunywa, halafu mikono yetu ifungwe pamoja kwa juosta, mkanda wanaousuka wenyewe, huku wanaimba. Chumvi na nafaka ni za Gabija, yaani moto. Bia ni ya Žemyna, ardhi.

Simchukii huyu mama, nataka mlijue hilo. Krismasi yangu ya kwanza huku nilikuwa sina mtu. Akanialika tarehe 24 Desemba, siku wanayoiita Kūčios. Nikakuta meza imetandikwa nyasi kavu chini ya kitambaa, vyakula kumi na viwili bila hata kipande cha nyama, na sahani moja tupu ina mshumaa pembeni. Nikauliza mgeni gani amechelewa. Akasema ni ya babu yake, aliyepelekwa Siberia mwaka 1949 hakurudi. Usiku nikamwona amepiga magoti mbele ya jiko la kuni, anakusanya makaa, anayafunika majivu kwa ubavu wa kiganja, taratibu, kama unavyomfunika mtoto shuka. Midomo inacheza. Anasema anamlaza Gabija. Aliyemfundisha ni bibi yake, Mkatoliki asiyekosa misa, ambaye akimaliza kufunika alichora na msalaba juu ya majivu.

Sasa nauliza. Dini hii ni ya kale kweli, au imetungwa juzi? Nikisimama pale, nimeikana imani yangu? Na mama yangu nimwambieje? Silali.

---

Askari_wa_Msalaba

Dada, Paulo alishalijibu hili, 1 Wakorintho 10. Huwezi kunywea kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani. Moto ukipewa jina na ukalishwa chumvi, huo ni mungu mwingine hata wakiuita utamaduni. Mkatalie mama mkwe kwa heshima, mpikie, mpende, mtunze uzeeni, lakini mkono wako usitie kitu pale. Nakuombea kwa jina lako la hapa, Mungu anakujua.

---

Mwanatanga

Kwani haya si yale ya wachawi wa Kizungu wenye nyota shingoni? Nauliza nielewe, maana dini yangu ni nyingine kabisa na haya mambo nayaona kwenye simu tu.

---

Mbongo_Kaunas

@Mwanatanga hapana kaka. Unayoisema ni Wicca, na hiyo ni ya Uingereza. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner miaka ya 1950, baada ya sheria ya uchawi ya kule kufutwa mwaka 1951. Romuva ni mti mwingine na udongo mwingine. Nimeishi Kaunas miaka tisa, nimeyasoma haya kwa sababu kila nikienda kijijini kwa shemeji zangu nayakuta.

Dada, Lithuania ndiyo nchi ya mwisho Ulaya kuacha dini ya asili kama dini ya dola. Wapiganaji wa msalaba waliishambulia miaka mingi ikakataa kata kata. Ikaja kubadilika kwa ajili ya harusi, lizingatie hilo. Mtawala wao Jogaila alibatizwa mwaka 1386, akamwoa Jadwiga malkia wa Poland, akawa mfalme wa huko, na mwaka 1387 akarudi kuwabatiza watu wake. Žemaitija, sehemu ya magharibi, ilisubiri mpaka 1413. Huo ni wakati ambao Kilwa ilikuwa na misikiti yake ya mawe tangu zamani.

Kubatizwa kwa amri ya mfalme hakukumaliza kitu vijijini. Kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa Kilithuania ni katekisimu ya mwaka 1547, ya Martynas Mažvydas, Mlutheri mwenzako. Katika utangulizi anawasihi watu wawaache kaukai, Žemėpatis na Lauksargis, yaani miungu na pepo wao wa kienyeji. Ni miaka 160 baada ya ubatizo, na bado analazimika kuwataja mmoja mmoja kwa majina! Mtu hakatazi kitu kilichokwisha kufa. Karne ya 17 mchungaji mwingine, Matthäus Prätorius, aliandika kwa kirefu jinsi wakulima walivyomwaga kinywaji chini kwa ajili ya ardhi kabla ya kunywa. Kwa hiyo ile bia unayoambiwa umwage ina umri mkubwa, na walioiandika ni watu wa kanisa waliokuwa hawaitaki.

Na hata neno lao la moto, *ugnis*, ni ndugu wa *agni* ya Kisanskriti. Kama umewahi kualikwa harusi ya Wahindu pale Upanga ukaona bwana na bibi harusi wanauzunguka moto, hizo ni lugha za ukoo mmoja zilizoachana maelfu ya miaka iliyopita.

Ila nikwambie na upande wa pili, nisije nikakudanganya. Ibada kama itakavyopangwa siku yako, nani anasimama wapi, wimbo gani unaanza, mkanda unafungwa saa ngapi, hiyo imepangwa na watu wa karne ya 20. Jina lenyewe Romuva limetoka kwa Peter wa Dusburg, padri wa wale wapiganaji wa msalaba, aliyeandika mwaka 1326 kuhusu mahali patakatifu pa Waprusi, jirani zao ambao lugha yao ilishakufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwandishi Vydūnas alikuwa akiwakusanya watu mlima Rambynas kuwasha moto wa katikati ya kiangazi. Kisha Jonas Trinkūnas na wenzake, mwaka 1967, chini ya Wasovieti, wakaifanya Rasos, sikukuu hiyo hiyo ya katikati ya kiangazi, kule Kernavė. Wakafungua kikundi cha nyimbo na mila, serikali ikakifunga, na mwaka 1973 Trinkūnas akapoteza kazi yake ya chuo kikuu. Waliandikishwa rasmi kama jumuiya ya dini mwaka 1992 nchi ilipokuwa huru.

---

Fundi_Hoja

Basi jibu umelipata dada. Ni ya mwaka 1967. Watu wamesoma vitabu vya mapadri wakajishonea dini. Sioni cha kuogopa wala cha kuheshimu hapo.

---

Mbongo_Kaunas

Mkuu, hapo siko nawe. Nyimbo zao, dainos, hazikutoka kitabuni. Zilichukuliwa kwenye midomo ya akina mama vijijini, na ndani yake Perkūnas wa radi, jua na Laima wa bahati wametajwa waziwazi. Sutartinės, zile nyimbo za kupokezana sauti, UNESCO imeziorodhesha tangu mwaka 2010. Na yule bibi aliyekuwa anachora msalaba juu ya majivu hakumsoma Dusburg. Nguo imeshonwa upya, nakubali. Uzi ni wa zamani.

Pia waliteswa kwa hilo. Mwaka 2019 bunge liliwanyima kutambuliwa na dola. Wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ikawapa haki mwezi Juni 2021, na bado wakasubiri hadi Desemba 2024 bunge lilipopitisha. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watu 5,118 tu. Kwa hiyo dada, huyo mama anapolia, anakuomba kitu ambacho ujana wake wote kilikuwa hakisemwi kwa sauti.

---

Mama_Wawili_Ujerumani

Mdogo wangu, mimi nina swali ambalo hawa wanaume hawajakuuliza. Ulaya na Marekani vipo vikundi vya dini hizi za kale vinavyosema ni dini ya damu, kwamba mtu mweusi hana nafasi kwenye moto wao. Si vyote. Kule Iceland waumini wa Ásatrú, waliotambuliwa na serikali mwaka 1973, wamewakana hadharani watu wa namna hiyo. Lakini wapo. Hao watakaosimama kukuzunguka siku yako, wanakuonaje? Hilo lijue kabla ya mambo ya Biblia.

---

Binti_wa_Machame

Dada asante kwa kuniwazia hilo. Mwaka jana mwezi wa sita walinichukua Kernavė, kwenye vilima vile vitano juu ya mto Neris. Niliogopa, nilikuwa mweusi peke yangu. Bibi mmoja nisiyemjua akanivua kofia, akaanza kunipima kichwa kwa utepe wa majani ya mwaloni, akanisukia shada palepale, akalijaribisha mara mbili kwa sababu misuko yangu ilikuwa inalinyanyua. Baadaye mashada yakawekwa mtoni na mishumaa yakaelea. Kuna kijana alinitazama vibaya, siwezi kuficha. Ila yule bibi alinishika mkono hadi gari lilipokuja.

@Mbongo_Kaunas nimelia kidogo kusoma habari za katekisimu. Asante sana.

---

Mzee_wa_Kihamba

Marahaba binti yangu. Mimi ni wa Kibosho, nimezaliwa mwaka 1948, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia.

Babu yangu alikuwa Mkristo. Alikuwa pia hanywi mbege kabla ya kumwaga kidogo kwenye udongo wa kihamba, shamba la ukoo, pale walipolala baba zake. Nikiwa mdogo nilimwuliza, akasema, "Nikinywa peke yangu nitakuwa nimewasahau." Hakuwaita miungu. Mchungaji akamkemea, akaacha kufanya mbele ya watu, akaendelea alfajiri. Mimi nilimwona. Kwa hiyo habari ya huyo mama na majivu yake naielewa hata bila kufika huko.

Lakini nisikilize vizuri. Mzee wangu alikuwa anawamwagia watu wake. Wewe hiyo ardhi si ya babu zako na huyo Žemyna humjui. Tambiko la kuigiza ni baya kuliko kukataa, na hata yeye mama hatapenda umdanganyie mungu wake. Kama mkono wako hauna neno la kusema pale, usimwage.

Ukimkatalia, usimkatalie mikono mitupu. Kwetu unajua, ukimkosea mtu au ukija kumwomba jambo zito, unampelekea isale, lile jani la kuombea radhi. Mtu akishikishwa isale hawezi kukufukuza. Mpelekee.

---

Mchungaji_Mstaafu

Binti, nimesoma yote. Andiko la 1 Wakorintho 10 alilolitaja ndugu hapo juu ni la kweli na usilipuuze. Mimi naongeza 2 Wafalme 5. Naamani Mshami, akishaponywa ukoma, alimwambia Elisha kwamba bwana wake huingia nyumba ya mungu wao Rimoni na kumwegemea mkono, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Akaomba Bwana amsamehe kwa hilo. Elisha hakumhutubia. Alimwambia, "Enenda kwa amani."

Katika miaka yangu ya utumishi niliwafungisha ndoa wengi wenye wazazi wa dini ya jadi. Kipimo nilichowapa ni hiki: kusimama kwa heshima pale mzazi anapoomba ni adabu, kutoa sadaka kwa mkono wako ni ibada. Kufungwa mkanda mikono na mumeo sioni kosa lake. Wazazi wakiwapokea mlangoni kwa mkate na chumvi, kula. Nafaka motoni na bia chini, muachie mwenyewe afanye kwa imani yake, na wewe uwe umemwambia mapema, si siku ya harusi.

---

Mwanatanga

Mimi la dini nawaachia wenyewe. La mama yako nalijua, maana dada yangu ameolewa mbali. Mpigie wewe, leo, kwa sauti yako. Picha ya moto ikifika kwenye kundi la ukoo kabla ya maneno yako, hata uwe na hoja gani hutasikilizwa.

---

Binti_wa_Machame

Wapendwa, nimerudi baada ya siku kumi na moja. Poleni kwa kuwakalisha.

Mama nilimpigia usiku ule ule, @Mwanatanga. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama huyo mama huwa anawakumbuka wafu wake kwa majina. Nikamwambia ndiyo, wote. Akasema, "Basi si mtu mbaya. Lakini motoni usitie kitu." Bila kujua, alisema sawasawa na Mchungaji.

Isale nimelipata. Sikuamini. Lile jani letu ni jamii ya dracaena, na huku wanaliuza duka la maua kama mmea wa ndani, limepandwa kwenye chungu cheupe. Jumamosi nikalibeba kwenye basi hadi kijijini. Nikampa mama mkwe kwa mikono miwili, na mchumba akitafsiri nikamweleza maana yake kwetu, kwamba nimekuja kuomba radhi kabla. Nikamwambia nitasimama pale mwanzo hadi mwisho, nitafungwa juosta, nitavaa shada la rūta, yale majani machungu ya bibi harusi wao, lakini chumvi na bia zitoke mkononi mwake yeye, kwa sababu yeye anajua anazungumza na nani, mimi nikimwiga nitakuwa namdanganya.

Alikaa chini. Akasema maneno ambayo mchumba alishindwa kuyatafsiri mara ya kwanza. Baadaye nikaambiwa alisema mama yake mzazi naye alikataa kusimama na yeye mwaka ule alipoolewa mbele ya moto, na hakumpa sababu.

Mzee wangu wa Kibosho, isale lako ameliweka dirishani, upande wa jiko. Wakati naondoka alinishika bega akaniuliza linamwagiliwa mara ngapi.