Naombeni ushauri, hili vazi la harusi navikwa au najishonea?

Wapendwa Bwana asifiwe. Jana usiku nilikuwa napiga pasi shati la ibada nikamkumbuka yule jamaa wa Mathayo 22 aliyeingia harusini bila vazi akatupwa nje, nikaishiwa nguvu kabisa, maana mi nimeokoka mwaka wa sita huu ila hasira bado zinanishinda, juzi tu nimemtukana konda kisa chenji ya mia mbili (na chenji yenyewe alikuwa nayo mkononi). Sasa Isaya 61:10 inasema Mungu ndo anatufunika vazi la haki, halafu Ufunuo 19:8 inasema ile kitani (nguo nyeupe anayovaa bibi arusi wa Mwana-Kondoo) ni matendo ya haki ya watakatifu. Nishike lipi? Mchungaji nikimuuliza ananiambia omba tu. Mliopitia hali hii mlifanyaje, hasa hofu ikija usiku?