Watu 100, saa moja tu, wazee na watoto wabaki nyumbani. Nyinyi ibada mnaiongoza vipi?

kinanda_changamwe

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni kiongozi wa sifa na kuabudu kwenye kanisa moja hapa Changamwe, Mombasa, si kanisa kubwa, rejista ina watu kama 380 hivi. Tangu Machi ya mwaka huu wa 2020 makanisa yamefungwa kwa sababu ya corona, mwanzo tulidhani ni wiki mbili tatu tu, mara Pasaka ikapita tukiwa ndani, tukawa tunarekodi kwa simu sebuleni kwa mchungaji na kurusha Facebook laivu, bando ikikata katikati ya wimbo basi ibada imeisha hapo hapo.

Sasa Rais katangaza tarehe 6 hii ya Julai kwamba tufungue pole pole, na lile baraza la dini zote analoliongoza Askofu Mkuu Muheria limetoa masharti. Watu wasizidi 100, ibada saa moja, walio chini ya miaka 13 na waliopita 58 wasije, sande skuli hakuna. Nimefurahi jamani, lakini nimekaa na kalamu na karatasi hapa mpaka kichwa kinauma. Timu yangu peke yake ni watu 19, waimbaji 14 na wapiga vyombo 5, na hao wote wanahesabiwa ndani ya hiyo 100, pamoja na wahudumu wa mlangoni na kijana wa spika. Halafu nyimbo zetu mnazijua, kiitikio kikishika moto tunakirudia hata mara kumi na mbili, kwa saa moja sadaka hatujaifikia. Mchungaji wetu ana 61, yeye mwenyewe kasema sheria ni ya wote atabaki nyumbani, kwa hivyo neno atatoa msaidizi wake ambaye pia mahubiri mafupi hajawahi kuyasikia.

Nikichagua waimbaji 4, wale 10 waliobaki watasema nina watu wangu. Na kinachoniuma zaidi ni wazee. Kuna mama hukaa benchi la pili upande wa kulia, stima ikipotea yeye ndiye huanzisha tenzi bila kuambiwa na mtu, kanisa zima linamfuata. Huyo sasa ndiye naambiwa asije. Mlioanza tayari, au mlioko nchi nyingine, mnafanyaje?

simba_wa_yuda

Ndugu mimi nakuuliza swali moja tu, matatu zimejaa, Kongowea sokoni watu wanakanyagana, supamaketi foleni mpaka nje, kanisani ndio corona inaingia? Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika. Fungueni milango muimbe, Mungu atalinda watu wake. Hayo mambo ya kuhesabu watu mlangoni kama mifuko ya saruji mimi siyaelewi.

nesi_wa_zamu

Ndugu simba nakuheshimu lakini hapo kidogo umeteleza. Sokoni unanunua sukuma wiki unaondoka, hukai na mtu saa nzima kwenye chumba kimoja mkifungua midomo kwa nguvu. Kuimba si kama kuongea, pumzi inatoka nyingi na inafika mbali. Kule Marekani jimbo la Washington, kaunti ya Skagit, kwaya moja ilifanya mazoezi tarehe 10 Machi, watu 61 kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja alikuja na dalili kama za homa ya kawaida tu. Kati ya hao 61 wakaugua 53, wawili wakafariki. Ripoti ya CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilitoka Mei, si hadithi ya WhatsApp hiyo. Na hawakuwa watu wabaya, walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya kama tunavyokwenda sisi Alhamisi.

Kinanda, kwa hivyo mimi ningesema hivi. Madirisha yote wazi hata kama jua linapiga kwenye macho ya watu. Waimbaji wasimame pembeni wakitazama upande mmoja, si kutazamana, na wasiwe juu ya kichwa cha benchi la kwanza, acheni mabenchi mawili ya mbele matupu. Kusanyiko libaki na barakoa hata wakati wa kuimba, na washuke sauti. Najua kwa Wapentekoste hilo neno ni gumu lol. Na mazoezi je? Watu huyasahau mazoezi, wanapanga Jumapili vizuri halafu Ijumaa jioni mko 19 kwenye kichumba cha nyuma madirisha yamefungwa sababu jirani analalamika kelele.

mwalimu_wa_kwaya_mza

Shalom kutoka Mwanza. Sisi huku Tanzania makanisa hayakufungwa, tuliendelea kusali, na mwezi wa nne tarehe 17 mpaka 19 tulikuwa na siku tatu za maombi ya taifa. Msituonee wivu sana lakini. Usharika wetu ni wa KKKT, kanisa la Kilutheri la huku, una kwaya tano, na mwanzoni hatukubadilisha kitu zaidi ya kuweka vibuyu chirizi vya kunawia mikono getini na sabuni ya kipande iliyofungwa kwa kamba, kwaya zikaendelea kupanda zote mbele kama kawaida. Kama wiki tatu hivi, mstari wa besi ukaanza kupungua, huyu mafua, yule kifua, mwingine mgongo. Hatukupima, sitasema ilikuwa nini. Ila siku moja nimeinua mkono kuwaingiza besi nikasikia sauti mbili tu. Nikashusha mkono.

Baada ya hapo wazee wa kanisa ndio wakakubali, ibada mbili zikawa nne, kila ibada kwaya moja, tena nusu yake tu, ile ya tano ikapumzika kwa zamu. Kuhusu kuchagua watu, usichague kwa sauti ndugu yangu, utapata maadui mpaka siku ya kiama. Chagua kwa NYUMBA. Kama una mume na mke na binti yao wote wanaimba, hao tayari wanakula sahani moja, wakisimama pamoja hawaongezeani hatari mpya. Jumapili hii familia hii, ijayo familia ile. Huku kwetu kuna kaka watatu wa nyumba moja, hakuna aliyewahi kuwasikia peke yao, kumbe wanajua kupanga sauti kuliko kwaya kuu. Kwaya kuu haijafurahia hilo jambo bado.

Na kwa ndugu simba, mimi Mlutheri naomba nikuchomekee. Tauni ilipoingia Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1527 Martin Luther, mwanzilishi wetu, hakukimbia, alibaki kuhudumia wagonjwa, lakini huyo huyo aliandika kwamba atatumia dawa na ataepuka mahali ambapo hahitajiki asije akaambukiza wengine. Kubaki na kujikinga vyote alivifanya mtu mmoja.

mtoto_wa_beni

Jambo bandugu. Mimi niko Beni, Kivu ya Kaskazini. Sisi hii corona ilitukuta tayari tumechoka na Ebola, ilitangazwa mwezi wa nane 2018 na juzi tu tarehe 25 ya mwezi wa sita ndio wamesema imekwisha. Kwa hiyo kunawa mikono mlangoni kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso kwetu ni kitu cha kila siku, watoto wanajipanga wenyewe.

Nitakuambia kilichokuwa kigumu kwetu. Si kuimba. Ilikuwa kushikana. Kupeana amani katika misa tukaacha, kila mtu anaweka mkono kifuani anainamisha kichwa. Kuwekea wagonjwa mikono ndiyo ilileta maneno mengi, kwa sababu kulikuwa na vyumba vya maombi ambamo wagonjwa walilala siku nyingi wakiombewa badala ya kupelekwa kwenye matibabu, na ugonjwa ukapita hapo. Watu walisema mchungaji akiogopa kumgusa mgonjwa basi hana imani. Walinyamaza lini? Siku mchungaji wetu alikuja wa kwanza kabisa kanisani, kabla ya mtu yeyote, akasimama pale kwenye ndoo akanawa polepole mbele ya kila aliyeingia, tena na tena, mikono ikawa mieupe kwa klorini. Hakuhubiri kuhusu Ebola siku ile hata neno moja. Kiongozi wa nyimbo naye afanye hivyo, watu wanatazama wewe zaidi ya tangazo la mlangoni.

bibi_wa_kisauni

Mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema. Nina miaka 67, ni wa hao mnaoambiwa tusije. Usisikitike sana mwanangu, kukaa nyumbani nimekuzoea, magoti nayo yameshukuru.

Lakini nikwambie ibada ya simu ilivyo huku upande wetu. Jumapili naoga, navaa gauni langu, natandika leso mezani, simu naiegemeza kwenye kopo la sukari. Nyinyi mnaanza. Mnafumba macho mnaimba, wimbo unakuja vipande vipande, mara picha imeganda kiongozi mdomo wazi, ikirudi mko wimbo mwingine. Maneno siyajui, ni nyimbo za vijana. Mnasema «mwambie jirani yako», jirani yangu ni paka. Miezi mitatu nilikuwa naangalia watu wakiabudu. Kuangalia na kuabudu ni vitu viwili.

Jumapili moja yule kijana wetu anayeongoza akasema leo tunaimba tenzi, akataja namba, kisha akasema, «mama zangu wa Kisauni chukueni vitabu, nawasubiri.» Akanyamaza kweli. Nikainuka nikatafuta miwani, iko chumbani, nikarudi, bado kanyamaza, anatazama simu. Nikafungua kitabu. Ndipo akaanza, tena chini chini, ile sauti ninayoifikia. Siku ile niliimba beti zote nne na mlango wazi, mpangaji wa juu akaitikia.

Na si kila kitu intaneti. Jumatano jioni sisi mama sita tunapigiana simu ya kawaida, huyu anampigia yule, ubeti mmoja, ombi moja, kredo ya shilingi kumi inatosha. Huyo mama yako wa benchi la pili mpigie. Mwambie yeye ndiye aanzishe, wewe umfuate.

kinanda_changamwe

Nimesoma yote, ile ya bibi nimesoma mara mbili, ubarikiwe sana mama. Shikamoo.

Nimerudi kwenye karatasi. Nikitoa watoto na waliopita 58 nabaki na kama 240, kwa hivyo ibada tatu, saa mbili asubuhi, saa nne na saa sita, saa nzima katikati ya kufagia, kupangusa mabenchi na kuacha hewa ipite. Kila ibada timu ya watu 6 tu, nyumba moja ya waimbaji, kinanda na ngoma. Nyimbo mbili za kuanza na moja ya kufunga, kiitikio mara tatu nimeandika kwa kalamu nyekundu. Nashusha kii pia, yaani nyimbo ziimbwe kwa sauti ya chini zaidi, maana nimejaribu kuimba na barakoa kwenye zile kii zetu nikakaribia kuzimia. Swali dogo nesi, maiki tunapuliza sanitaiza?

nesi_wa_zamu

Usipulize ndani, utaiua. Kila mwimbaji awe na yake, ziwekeni alama kwa tepu yenye jina. Ile wavu ya juu inafunguka, ioshe kwa maji na sabuni pamoja na sponji yake, ikauke kabisa ndio urudishe. Mpini pangusa kwa kitambaa.

simba_wa_yuda

Haya. Mimi bado sijakubali hiyo ya kuhesabu watu. Lakini hiyo ya kumngoja bibi atafute miwani nitaichukua kwetu.

kinanda_changamwe

Taarifa. Nimempigia yule mama wa benchi la pili jana jioni, nimemuomba aanzishe tenzi kwa simu Jumapili, tutamweka kwenye spika saa mbili. Akauliza kama stima zimepotea. Kwaya nayo nimetuma ratiba ya nyumba kwa nyumba kwenye grupu, alto wawili wametoka grupu na mmoja amerudi.