Naomba ushauri: kati ya baba mdogo na mtoto wa marehemu, nani anastahili kiti?

Mgeni wa Danube: Wakuu, salaam. Niko Budapest, nasoma uzamili kwa ufadhili wa serikali ya huku. Ijumaa nina mjadala darasani, na leo ni siku ya tatu sijapata usingizi. Mwaka 997 alifariki Géza, mtawala wa Wahungaria. Kwa mila yao ya zamani kiti kilimwendea mkubwa wa ukoo, naye alikuwa Koppány, bwana wa Somogy, kusini mwa ziwa Balaton. Lakini Géza alishamwandaa mwanawe István, kijana aliyebatizwa. Koppány akadai kiti, akadai na mjane, Sarolt, mama yake István. Vita ikapigwa upande wa Veszprém, Koppány akauawa, mwili wake ukakatwa vipande vinne. Mimi naona alionewa. Nipeni hoja za kumtetea.

Kaka Mzigo: Mjadala wa darasani haumkoseshi mtu usingizi siku tatu. Funguka, mkuu.

Mama Wawili: Anayedai kiti na mke wa marehemu kabla matanga hayajaanuliwa hana cha kutetewa. Baba yetu alipofariki, baba mkubwa alichukua shamba la migomba eti analilinda. Tulilipata mwaka wa sita, limebaki visiki.

Msoma Kumbukumbu: Hoja yako ina tobo. Koppány hakuwa ndugu wa tumbo moja na Géza. Ukitaka baba mdogo hasa, mchukue Béla. Kaka yake András alitwaa ufalme 1046 akiwa hana mrithi, akamwita Béla kutoka Poland na kumwahidi kiti. Mwaka 1053 akazaliwa Salamon, na 1057 András akamvika taji mtoto huyo mdogo. Inasimuliwa kwamba huko Várkony András aliweka mbele ya Béla taji na upanga, achague. Béla alikuwa ameshanong'onezwa kwamba akigusa taji anauawa, akachukua upanga. Mwaka 1060 alirudi na askari wa Kipolandi, akamng'oa kaka yake. Miaka mitatu baadaye kiti cha enzi kikamvunjikia, akafa kwa majeraha. Salamon akarudi, halafu 1074 wana wa Béla wakamwondoa. Ahadi moja iliyovunjwa, na watoto wakaendelea kuilipia.

Kaka Mzigo: Historia tumeisoma. Mtoa mada hajanijibu.

Mgeni wa Danube: Sawa, nasema. Kaka yangu alifariki Machi. Wazee wa ukoo wanataka nishike nafasi yake: nyumba, mashine ya kukoboa, na shemeji. Mwanawe ana miaka 22, amegoma. Msinielewe vibaya, mimi sikuomba, wazee ndio waliokaa. Nimeshawajibu kwamba nakubali na tiketi ya Julai nimekata. Yule kijana hajui hata lita ya dizeli ni shilingi ngapi. Na István naye hakushinda kwa haki tupu, alisaidiwa na wapiganaji wa Kijerumani waliokuja na mkewe Gizella.

Chui Mkesha: Hii chai, tena ya tangawizi. Kaka kafa, mjane yupo, mtoto kagoma, vyote vimekaa sawasawa na kisa cha Koppány. Kama uko Budapest kweli, taji lao liko wapi?

Mgeni wa Danube: Liko bungeni, chini ya kuba. Msalaba wa juu umepinda. Nilisimama mbele yake wiki iliyopita.

Chui Mkesha: Hayo hata aliyeko Mbagala anayapata kwenye simu.

Fundi Redio: Iwe chai au maji, mimi nataka kujua wafalme hao waliisha lini.

Msoma Kumbukumbu: Wa mwisho ni Károly wa Nne, alivikwa taji tarehe 30 Desemba 1916. Mwaka 1921 alijaribu kurudi mara mbili. Ile ya pili alikuja na treni za askari hadi karibu na Budapest, wakazuiwa. Novemba hiyohiyo bunge likafuta haki ya ukoo wake kwenye kiti.

Fundi Redio: Treni! Kumbe haya si ya zamani sana.

Mama Wawili: Tuache treni. Mdogo wangu, hata kama umetunga nakujibu, kwa sababu wapo wengine wanaosoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mjane yuko huru kuishi anakotaka na kuolewa na amtakaye, mila iseme lolote. Nimesoma maneno yako yote mara mbili. Shemeji yako anasemaje?

Mgeni wa Danube: Dada, wazee wamesema atakubali.

Mama Wawili: Nimeuliza yeye.

Mgeni wa Danube: Sijaongea naye tangu mazishi. Sasa hivi huko ni usiku sana. Nitampigia asubuhi kabla hajaenda sokoni.