Direkta anasema koanoflajeleti ni "protozoa" tu, nifanye aje na TFC yangu?

Nyota_Kadutu
Bandugu nawasalimia. Niko L3 (mwaka wa tatu wa chuo) biolojia hapa Bukavu, TFC yangu, kazi ya kumaliza masomo, iko juu ya viumbe vya seli moja mu maji ya Ziwa Kivu. Sasa mu sura ya kwanza niliandika kama koanoflajeleti, viduduchu vya seli moja vyenye mukia, njo ndugu wa karibu kabisa wa wanyama, direkta, mwalimu anayesimamia kazi yangu, akapiga mustari mwekundu, pembeni akaandika "protozoa, angalia silabusi". Hiyo silabusi ni fotokopi ya fotokopi, michoro yote imekuwa madoa. Nikibishana naye naogopa kurudilia mwaka, nikinyamaza nitakuwa nimeandika kitu sikiamini. Kudepoza kazi ni ndani ya wiki mbili tu. Munanishauri nini?

Papa_Mwalimu
Binti yangu, usibishane, wote wawili muko na haki. Protozoa si jina la ukoo, ni jina la kazi, kama bamotari wa hapa Bukavu: wa Panzi, wa Bagira, wote wanapanda moto lakini si watoto wa baba mmoja. Koanoflajeleti na tripanosoma ya malale zote utaziita protozoa, lakini kwa ukoo koanoflajeleti iko karibu na weye kuliko na hiyo tripanosoma. Hata uyoga unashinda tripanosoma kwa undugu na weye! Andika: "protozoa kwa namna ya kuishi, Opistokonta kwa ukoo." Hapo hatapata pa kukata.

Mutu_wa_labo
Papa Mwalimu amesema vizuri. Opistokonta maana yake mukia uko nyuma, unasukuma seli kama mbegu ya mwanaume inavyoogelea. Ndani yake uyoga unaenda upande wake, na upande wetu unaitwa Holozoa: wanyama, koanoflajeleti, Filasterea, na Iktiosporea ambazo nyingi zinaishi ndani ya samaki na wanyama wengine. Filasterea moja, Capsaspora, ilipatikana ndani ya konokono wa bilharzia, lakini chunga, ni konokono wa Amerika, usiandike ni wetu wa Kivu.

Na muletee direkta ushahidi taratibu. Tangu 1841 Dujardin, mwanabiolojia Mufaransa, alishaona hivi viduduchu vinafanana na seli za sponji, wale wanyama wa maji: kola ya vinyweleo imezunguka mukia, mukia unavuta maji, bakteria inanasa kwa kola, inamezwa. Alafu 2008 wanasayansi wakasoma jenomu (jeni zote) ya koanoflajeleti moja, Monosiga brevicollis, jeni kama 9,200, wakakuta mo kadherini, ile protini mwili wetu unatumia kubandikisha seli na seli. Sasa kidudu kinachoishi peke yake kinabandika nini? Miye hapo njo nilinyoosha mikono. Tena koanoflajeleti ingine, Salpingoeca rosetta, inapokutana na bakteria fulani inagawanyika bila kuachana, inakuwa ka-ua ka seli, hiyo ilionyeshwa 2012.

Kivu_Boy
Kumbe babu yetu alikuwa na kola, nitaambia pasta 😂

Papa_Mwalimu
Si babu wee, ni binamu. Babu wa wote alishakufa zaidi ya miaka milioni 600 imepita, na hajulikane sura.

Nyota_Kadutu
Asanti sana. Swali ingine, naweza kuziona kweli? Mikroskopi yetu ni ya zamani.

Mutu_wa_labo
Chota maji karibu na majani ya ufuko, weka mu chupa na chembe mbili za muchele, usifunge sana. Muchele unaleta bakteria, bakteria inaleta walaji. Ngoja siku tatu ine. Seli yenyewe ni mikromita 3 mupaka 10, usitafute kitu kikubwa.

Nyota_Kadutu
Siku ya ine leo, chupa inanuka, mama anataka kuimwaga. Nimeona ka-kitu kamesimama juu ya kijiti kembamba, kameshikamana na uchafu, mukia unatetemeka. Kola sijaiona, alafu umeme ukaenda.

Mutu_wa_labo
Hako kanaweza kuwa kenyewe. Umeme ukirudi punguza mwanga, funga diafragma (tundu la mwanga chini ya mikroskopi) nusu, kola inaonekana kama kivuli tu. Na ficha chupa kwa mama.

Nyota_Kadutu
Nimeiweka chini ya kitanda. Direkta nitamuona Jumatano.