Wikiendi kwenye hoteli ya nyota tano Dar, bahari dirishani: tupeane uzoefu

Msafiri wa Jumamosi

Wakuu, habari za majukumu.

Sisi wa Dar mtu akishika hela ya kupumzika anawaza Zanzibar au Arusha. Hoteli kubwa za mji wetu wenyewe tunazipita kila siku na daladala, tunaishia kumjua mlinzi wa getini. Mwezi uliopita tukawapeleka watoto kwa bibi yao Mbagala, mimi na mama watoto tukaingia hoteli moja ya Kivukoni Ijumaa jioni, tukatoka Jumapili.

Bei kwanza, maana najua ndilo swali. Hoteli za katikati ya mji siku za kazi zinajaa watu wa semina na maofisa wa mashirika. Ijumaa mchana hao wote wanaburuta mabegi kwenda uwanja wa ndege, vyumba vinabaki wazi. Ndiyo maana bei ya wikiendi hushuka, kinyume cha hoteli za Mbezi Beach na Kunduchi ambazo wikiendi ndiyo mavuno yao. Usiishie kuangalia mtandaoni. Piga simu, omba uongee na watu wa mauzo, waambie unaishi hapa hapa, uliza bei ya wikiendi na bei ya mkazi. Mimi nilishushiwa kwa maongezi tu. Na tangu kanuni za Machi 2025, bei inatakiwa itajwe kwa shilingi. Ukikuta mtu bado anakutajia dola, mkumbushe kwa upole.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa za juu, upande wa bandari, na hapo ndipo hela yangu ilipokwenda. Meli ya makontena inaingia kwenye ule mlango mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni, taratibu mpaka unadhani imesimama, na pantoni linasubiri ipite. Kutoka juu unaona abiria wote wamesogea mbele ya pantoni, mabeseni, baiskeli, miamvuli. Mke wangu kapanda pantoni hilo miaka mingi akienda kazini. Alivuta kiti dirishani akaanza kunitangazia: "Yule wa beseni jekundu hatashuka na wenzake, kasimama upande wa magari. Yule mwenye bahasha kachelewa ofisini, anaangalia saa." TV haikuwashwa mpaka tunaondoka.

Ila mjue, bahari ile ni ya kuangalia. Ni bandari, hakuna mtu wa kuoga pale. Kuogelea ni kwenye bwawa.

Haya, tupeane uzoefu. Mlikaa wapi, mlifurahia nini, mlikereka na nini? Kwenye malalamiko tusitaje jina la hoteli, tusije kupelekana mahakamani bure.

Mama Pacha

Asante kwa mada, kaka. Mimi nawaonya kuhusu ile hela ya dhamana.

Chumba nimelipia mapema, nafika mapokezi na wifi yangu, vibegi vyetu vimepangwa vizuri, dada anatabasamu: "Mama, naomba kadi kwa ajili ya dhamana." Dhamana ya nini tena? Ya vinywaji, ya chakula, ya kitakachoharibika. Nikatoa kadi ya benki, ile ya kawaida ambayo mshahara unaingilia. Wakazuia hela ya kutosha kwa kila usiku. Tunaondoka wananiambia imeachiwa. Benki wanasema hawajaona kitu. Hoteli wanasema ulizia benki. Huku ada ya watoto inanisubiri, nimekaa zaidi ya wiki nikipigwa danadana.

Sasa hivi kabla ya kwenda nauliza mambo mawili: dhamana ni shilingi ngapi, na mnapokea taslimu? Wengi wanapokea. Unakabidhi noti, unapewa stakabadhi, Jumapili unarudishiwa mkononi.

Bwana Hesabu

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 kwenda 500,000 Julai 2025. Hoteli mnazozisema, usiku mmoja unaweza kukimeza chote na chakula cha jioni hujala. Mtu analala kwenye shuka za wenzake kwa bei ya bati za nyumba nzima halafu anatuletea simulizi za pantoni. Pantoni napanda kila siku kwa shilingi mia mbili.

Msafiri wa Jumamosi

Bwana Hesabu, bati nilishaezeka mkuu. Wacha nilale.

Shuka Nyeupe

Nimefanya kazi ya vyumba kwenye hoteli mbili hapa mjini, sasa nimeacha, naweza kusema.

Watu wanaogopa kuomba, hilo ndilo linalonishangaza. Mto wa ziada, pasi, kitanda cha mtoto, mswaki kama umesahau wako, unapiga namba ya mapokezi unaletewa. Kama mmekuja kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa, semeni siku ya kuweka nafasi. Maua ya waridi kitandani na kile kikeki mara nyingi ni bure, lakini hatuwezi kuota kwamba ni siku yenu. Jumapili ombeni kuchelewa kutoka. Muda wa kawaida ni saa tano au saa sita mchana, ila wageni wa Jumatatu huingia jioni, kwa hiyo chumba kinakaa tu. Ukiomba mapema asubuhi hukosi masaa mawili.

Maji yaliyo mezani ni ya kwenu. Yaliyo ndani ya friji yanalipiwa, pamoja na karanga. Slipa chukua. Lile joho la taulo liache, linahesabiwa.

Sasa mambo ya kwetu. Bibi harusi ametoka kuchorwa hina na piko, hajakauka vizuri, analala kwenye shuka nyeupe na foronya nyeupe. Piko haitoki jamani. Tumeloweka, tumefua na dawa kali, haitoki, na mwenye chumba anapelekewa bili ya shuka. Mkija na hina mbichi, ombeni taulo za zamani mtandike, tunazo stoo na tutawaletea bila maneno.

Halafu udi. Wageni wa fungate wanakuja na chetezo chao na makaa, wanafunga mlango, wanafukiza. Darini kuna kitambua moshi. Usiku mmoja king'ora kililia ghorofa nzima, wazungu wameshuka ngazi na nguo za kulalia, mlinzi anagonga mlango, bwana harusi anafungua amejifunga kikoi, nyuma yake moshi mzito unanukia vizuri kuliko hoteli yenyewe. Meneja hakujua akasirike au aombe kipande cha udi kwa ajili ya ukumbi wa chini. Fukizeni nguo nyumbani kabla ya kuja.

Bakshishi mkitaka kuacha, acheni kila siku mezani na kikaratasi cha "asante". Ukisubiri siku ya mwisho, inaokotwa na wa zamu nyingine, na aliyekutandikia siku zote hapati kitu.

Konda Mstaafu

Mimi yangu ni ya getini. Hoteli ya upande wa Masaki, nimeshalipia kila kitu, nimefika na bajaji. Gari mbele yetu imepitishwa kioo chini, imefunguliwa, mlinzi anapiga saluti. Zamu yetu: "Bajaji inashusha nje. Unampelekea nani mzigo?" Mzigo! Begi langu la nguo. Nikamwonyesha ujumbe wa malipo, akausoma, akapiga simu ndani, tumesimama juani mke wangu amejifunika gazeti. Dereva wa bajaji ndiye aliyekasirika zaidi yangu, akawa anapaza sauti, "Huyu ni mgeni wenu, anawalipa mshahara!"

Mapokezi walipojua waliomba radhi na juisi ya ukwaju wakaleta. Ilikuwa nzuri ile juisi, nakiri. Lakini mlinzi ni Mswahili mwenzangu, na hilo ndilo liliniuma.

Mama Pacha

Pole kaka. Wengine ndiyo maana tunaagiza teksi ya kupandia mita mia mbili za mwisho.

Binti Tongoni

Naona watu wa bara mnasema "bahari" kama vile ni moja. Msafiri kasema kweli, Kivukoni ni ya kuangalia. Hoteli za Masaki nyingi ziko juu ya mwamba, chini ni mawe. Kabla ya kulipia chumba chenye "mandhari ya bahari" angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu: maji yanajaa alfajiri na alasiri, na ikifika saa nne, saa tano asubuhi yamekupwa yote, unatazama majani na miamba na kina mama wanaookota chaza. Kuna wanaopenda, mimi nikiwa mmoja wao. Ila kama umelipia mawimbi, utajiona umeibiwa. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, inabaki inapigapiga.

Mkitaka kuoga kabisa, tumieni hoteli kama pa kulala tu. Asubuhi shukeni Slipway mpande boti ya kisiwa cha Bongoyo, au mwende Kunduchi mvuke hadi kisiwa cha Mbudya. Mnarudi jioni na chumvi mwilini, mnaoga maji ya moto, mnajitupa kwenye shuka za Shuka Nyeupe.

Mzee wa Ilala

Vijana mnazungumzia hoteli za Kivukoni kama zimeanza jana. Hoteli ya Kilimanjaro imefunguliwa 1965, nchi bado changa, Waisraeli ndio waliochora. Miaka ya sabini ukitaka msichana akuheshimu, unakopa suti, unampeleka pale kunywa soda. Soda moja. Mnainywa saa nzima, mnatazama meli. Mhudumu anapita na kitambaa mkononi, anakuita "bwana" na anajua kabisa huna hela ya pili. Niliyempeleka ndiye mama yenu mpaka leo.

Baadaye ilidorora, ikafungwa, ikafanyiwa matengenezo makubwa ikawa Kempinski, sasa ni Hyatt Regency. Wanangu walitulipia tulale huko mwaka jana. Lifti inaenda bila kelele, nikadhani imekwama. Kutoka dirishani nililiona kanisa la Azania Front na paa lake jekundu, lile walianza kulijenga Wajerumani 1898, na Jumapili kengele ikalia huku adhana ya alfajiri nimeshaisikia kitandani. Godoro laini mno, mgongo uliniuma. Soda nilikunywa mbili.

Bwana Hesabu

Shikamoo mzee. Hapo umeniweza.

Kasuku wa Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Sisi tulipanda treni ya SGR Ijumaa hadi Mombasa, tukalala hoteli iliyo ng'ambo ya Mji wa Kale, ukiketi kwenye roshani Fort Jesus iko mbele yako kabisa. Usiku taa zikiwashwa ukutani, watoto wangu waliacha simu zao, na hiyo ni miujiza.

Someni bili vizuri. Kwetu kuna VAT asilimia 16, ada ya utalii asilimia 2, na hoteli nyingi zinaongeza asilimia 10 ya huduma. Bei ikiwa haijajumuisha hivyo vyote, unaongeza zaidi ya robo. Ulizeni tu, "Hii ni bei ya mwisho?" Na mbebe vitambulisho, bei ya mkazi bila kitambulisho haipo.

Kilichotukera ni harusi. Wikiendi kumbi za hoteli za mjini ni za maharusi, na DJ wa Jumamosi ile alikuwa na spika zinazotikisa glasi chumbani. Siku hizi nikiweka nafasi nauliza kama kuna shughuli ukumbini, halafu naomba chumba cha mbali.

Msafiri wa Jumamosi

Hilo la harusi ni kweli, hata Dar. Sisi tulisikia "keki inakatwa" mpaka nikatamani kushuka kuikata mwenyewe.

Nimesahau kuwaambia habari ya asubuhi. Jumamosi niliamka mapema nikatembea kwa mguu mpaka Feri, soko la samaki, si mbali. Mnada umepamba moto. Samaki wamemwagwa kwenye meza ya saruji, kolekole, changu, nguru mmoja mrefu kama mtoto wa darasa la pili, na dalali anapandisha bei kwa sauti ambayo hata konda mstaafu hapo juu angeivulia kofia. Wanunuzi hawasemi. Mmoja anakunja kidole, mwingine ananyanyua kidevu, bei inasogea. Kandambili zangu zimelowa maji ya samaki. Nikarudi hotelini hivyo hivyo, mlinzi akanitazama miguu, akanifungulia mlango.

Chai ndiyo sehemu ya kurudisha hela yako. Inaanza alfajiri, mpaka saa nne na nusu. Usikimbilie mkate, mkate uko dukani kwa Mangi. Nenda kwa yule kaka wa mayai, umwambie pilipili mbichi na kitunguu kingi. Kulikuwa na supu ya ng'ombe na chapati, kuna matunda, kuna samaki wa kupitishwa moshi ambaye mke wangu alimwita mbichi na kumrudisha. Tulikaa muda mrefu, mchana hatukula kabisa.

Mama Pacha

Ya chai nimeelewa. Chakula cha jioni ndiyo bei inaua. Shuka Nyeupe, mtu akiingia na msosi wake kutoka nje inakuwaje? Mimi naweza kupita Coco Beach kuchukua mihogo na mishkaki.

Shuka Nyeupe

Kwa sheria za hoteli nyingi hairuhusiwi, hasa vinywaji. Kiuhalisia begi la chumbani hakuna anayelipekua likishapita mashine ya getini. Ila mishkaki inanuka korido nzima, na pilau ndiyo usiseme. Tulikuwa tukipita na trei tunajua kabisa chumba fulani ni watu wa nyumbani. Ukileta, kula ukiwa umefungua dirisha kama linafunguka, mabaki yafunge kwenye mfuko, utupe mwenyewe kwenye pipa la karibu na lifti. Na usisahau kutuachia mishkaki miwili.