Huckabees, Groundhog Day au PK? Kijiwe kimegawanyika, Jumamosi imekaribia

Mlango wa Bandari
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, projekta nishailipia nusu. Kijiweni kwetu hapa Mikindani tumekubaliana tuangalie filamu moja, zile za vichekesho ambazo unacheka halafu usiku huna usingizi unajiuliza hivi mimi ni nani. Wiki iliyopita mwenzetu alileta kwenye simu kipande cha I Heart Huckabees, ile ya 2004. Nusu ya kijiwe walicheka mpaka wakapaliwa na kahawa. Nusu wakasema huu ni upuuzi wa watu walioshiba. Tangu siku ile hata salamu zimepungua. Mezani zimebaki tatu: Huckabees nzima, Groundhog Day ya 1993, au PK ya Aamir Khan, 2014. Ipi?

Nnazi Mmoja
Weka nyama mkuu. Watu wangapi? Umri gani? Watoto wapo? Kiingereza kinapanda? Maandishi ya Kiswahili yapo? Umekuja kama mtu anayeingia duka la dawa na kusema "nipe dawa".

Korosho Ghafi
PK. Uzi ufungwe.

Binti wa Ligula
Na wanawake tunaruhusiwa au ni kijiwe cha bao na kanzu tu? Maana hiyo nayo inabadilisha jibu.

Chuno Kati
Groundhog Day, tena bila kupiga kura. Mtangazaji wa hali ya hewa, mwenye dharau kwelikweli, anatumwa kwenye mji mdogo kule Pennsylvania kuripoti sherehe ya mnyama fulani kama pimbi anayetabiri baridi. Analala, anaamka saa kumi na mbili asubuhi, ni siku ile ile. Kesho yake ile ile. Mpaka mwisho hawakwambii kwa nini siku inajirudia, na hapo ndipo utamu ulipo. Mtu wa kijiweni hahitaji kuelezwa hilo. Sisi wenyewe tunakaa benchi lile lile, kahawa ile ile, mada ile ile ya Simba na Yanga.

Na kwa wanaopenda umbea: mwigizaji mkuu Bill Murray na mwongozaji wake Harold Ramis walikosana wakati wa kuitengeneza. Murray alitaka ielemee kwenye falsafa, Ramis alitaka ichekeshe. Walinuniana miaka kama ishirini, wakaja kusemeshana Ramis akiwa mgonjwa, muda si mrefu kabla hajafariki 2014. Kwa hiyo mkuu usishangae kijiwe chako kugawanyika. Waliozitengeneza wenyewe hawakuelewana.

Korosho Ghafi
Miaka ishirini kwa ajili ya pimbi?

Mwalimu Mstaafu Lindi
Vijana, nisomeni kwanza kabla hamjamwingiza mwenzenu shimoni. Huckabees mimi nimewahi kuionyesha, na nililipa.

Mwaka 2008 nilikuwa nafundisha wilaya ya Nachingwea. Pembeni ya soko palikuwa na kibanda umiza cha makuti, televisheni moja, genereta moja, mabenchi ya mbao. Mwenye kibanda aliniomba filamu mpya, nikampa diski niliyoletewa na ndugu kutoka Dar. Yeye akaona picha ya Mark Wahlberg, yule mwigizaji wa filamu za mapigano, kwenye karatasi ya juu. Akachukua chaki, akaandika ubaoni nje: LEO KOMANDOO. Wakajaa watu thelathini na nne, kiingilio shilingi mia mbili.

Filamu inaanza, kijana yuko porini anatukana peke yake moyoni. Halafu anasoma shairi la kusifu jiwe. Mtu wa nyuma akauliza, "Hilo jiwe lina dhahabu?" Watu wakavumilia. Wahlberg akatokea, miluzi! Kumbe ni zimamoto, tena hapandi gari kwa sababu anachukia mafuta, anaenda kuzima moto kwa baiskeli. Miluzi ikakatika.

Sasa palikuwa na kijana wa kutafsiri kwa kipaza sauti. Filamu za ngumi alikuwa hodari, hajapata kukwama. Dustin Hoffman, anayeigiza mpelelezi wa maana ya maisha, akatandaza blanketi, anaeleza kwamba kila kitu ulimwenguni ni kitambaa kimoja, hapa ni mimi, hapa ni wewe, hapa ni vita, hapa ni mnara wa Paris. Kijana akanyamaza kidogo. Tukasikia genereta tu. Halafu akasema, "Hapa mzee anauza shuka."

Basi kuanzia hapo filamu nzima ikawa ya shuka. Yule mama Mfaransa anayekuja kusema maisha hayana maana, akatafsiriwa kuwa ni mshindani wa biashara. Wanaume wawili walipopigana usoni na mpira mkubwa ili waache kufikiri, akasema wamegombania mteja. Hapo ukumbi ulicheka mpaka benchi moja likavunjika. Nakiri hadithi yake ilieleweka kuliko ya wenyewe.

Ilipoisha wakadai hela zao. Mwenye kibanda akaninyooshea kidole. Nililipa shilingi elfu sita na mia nane, na za benchi kando. Asubuhi napita sokoni, mzee muuza kahawa akanisimamisha: "Mwalimu, lile shuka hatimaye nani alilinunua?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Korosho Ghafi
Sina mbavu jamani 😂😂 mshindani wa biashara!

Binti wa Ligula
Shikamoo mwalimu. Mimi huyo mtafsiri ndiye ningemlipa. Ila samahani, kosa si la filamu, ni la ule ubao. Mtu akiahidiwa komandoo, hata umpe asali atasema chungu.

Mwalimu Mstaafu Lindi
Marahaba binti. Ubao una lake, sikatai. Lakini hata mimi niliyeielewa sikuipenda. Kila mtu mle ndani anazungumza kama anatoa mada semina. Ukicheka unajiuliza umecheka kwa sababu inachekesha au usionekane mjinga.

Nnazi Mmoja
Hapo mwalimu umenena. Hizi filamu zina tabia ya kukukonyeza: "umenielewa?" Kama hujaelewa, shauri yako.

Mzee wa Dau
Nyote mmepita juu ya jambo moja. Kisa chote cha Huckabees kinaanza kwa sababu kijana amekutana na Mwafrika mrefu mara tatu kwa bahati, akaajiri wapelelezi wamweleze maana yake. Yule Mwafrika ni mkimbizi wa Sudan, na aliyeigiza, Ger Duany, naye alikuwa mkimbizi kweli kutoka huko. Mtu ametoka vitani, ameingia kwenye filamu kuwa fumbo la Mzungu mwenye msongo. Hilo linanikera.

Chuno Kati
Mzee wangu, wanaochekwa pale ni Wazungu. Kumbuka wanapoalikwa chakula kwa ile familia iliyomlea Msudani. Wamemfadhili, wanasali vizuri, lakini mgeni akiuliza swali moja tu la maana meza nzima inawaka. Ile ndiyo sehemu bora ya filamu.

Mzee wa Dau
Wanachekwa, sawa. Yeye kapewa sentensi ngapi?

Mlango wa Bandari
Samahani wakuu, nilikuwa baharini, mtandao hakuna. Majibu: tupo kama kumi na wanne. Wazee watano, akiwemo mmoja ambaye Kiingereza hajui na maandishi ya chini yanamkimbia. Wake wa wawili wamesema watakuja. Watoto siwezi kuwazuia, ni uani kwa watu.

Nnazi Mmoja
Haya ungeyasema mwanzo tungekuwa tumeshalala. Kwa umati huo Groundhog Day ina shida moja: katikati jamaa anakata tamaa, anajiua mara kadhaa, anaamka tena. Inachekesha, ila watoto uani, fikiria.

Chuno Kati
Lakini kuna yule mzee ombaomba. Jamaa ana siku zote za dunia, anamnywesha supu, anampeleka hospitali, mzee anakufa usiku ule ule kila mara. Wazee wenu watanyamaza wote hapo. Itafute filamu nyingine ya vichekesho inayofanya hivyo.

Bin Hamisi
PK nawatahadharisha. Yule mgeni kutoka sayari nyingine anamtafuta Mungu ili apewe rimoti yake iliyoibwa, ile ya kuitia chombo cha kumrudisha kwao, anazunguka nyumba zote za ibada. Anapeleka nazi kanisani, watu wanacheka. Baadaye anapeleka mvinyo msikitini. Uani Mikindani, wazee watano wamekaa, mnataka kuleta hiyo?

Korosho Ghafi
Si anafukuzwa lakini! Na hamcheki Mungu, anawacheka wanaojifanya karani wa Mungu. Mama yangu, swala tano, ameirudia mara tatu.

Bin Hamisi
Mama yako yuko Masasi kwake na rimoti mkononi. Kijiweni mtu anaangalia huku anamwangalia mwenzake kama amecheka.

Mchonga Newala
Nashangaa mnavyobishana kama vile mzaha wa namna hii umetoka Marekani. Nendeni mkaangalie vinyago vya shetani vya Wamakonde: jicho moja, sikio kama jembe, tumbo lina mdomo. Msanii Lilanga wa Masasi aliwachora mashetani hao wakicheka. Mtu wa kwanza anacheka, wa pili anaogopa, wa tatu anauliza bei. Hakuna aliyewahi kukubaliana na mwenzake.

Na utani wa msibani je? Babu yangu alipozikwa, mtani alivaa kofia yake, akachechemea vile vile alivyokuwa anachechemea mzee, akaingia kaburini akalala. Anasema, "Chumba hiki nimeshapanga mimi, huyo wenu atafute kwingine mpaka mlipe kodi." Bibi alikuwa hajatoa sauti tangu jana yake. Akacheka, ndipo akalia. Tukachanga, jamaa akatoka, akahesabu hela palepale juu ya udongo, akasema imepungua mia.

Binti wa Ligula
Imepungua mia 😭

Mwalimu Mstaafu Lindi
Mchonga, hiyo ndiyo tofauti yangu na Huckabees. Mtani anamjua anayemtania, na kuna maiti kweli. Wale wapelelezi wana msiba gani?

Mchonga Newala
Labda ndio hawaujui, mwalimu, ndiyo maana wameajiri wapelelezi.

Nnazi Mmoja
Turudi kwa mwenye uzi. Tafsiri nani atafanya? Na umeme mmeupangaje? Gesi inatoka hapo Mnazi Bay lakini juzi kwetu giza lilitukuta katikati ya mpira.

Mzee wa Dau
Usianze habari za gesi, uzi utafika kurasa mia.

Korosho Ghafi
Tafsiri nafanya mimi bure, ila iwe PK. Kihindi nilichojifunza kwenye muvi kinatosha.

Mlango wa Bandari
Nimesoma yote. Nimeenda kumsomea mzee wetu asiyejua Kiingereza kile kisa cha mwalimu. Kacheka, halafu kasema tuweke hiyo hiyo ya shuka. Wake wamesema PK. Mwenye uani hajasema, ila kauliza projekta inakula umeme kiasi gani. Mwalimu, ukiwa na nafasi Jumamosi nauli ya kutoka Lindi tutachanga, uje ukae karibu na mtafsiri.

Mwalimu Mstaafu Lindi
Nakuja. Mabenchi yenu ni ya mbao gani?